Darasa la nne: istilahi za ushairi zinaingiaje bila watoto kukaririshwa?

MwalimuPongwe

Habari za kazi walimu wenzangu, na shikamooni wakubwa.

Nafundisha Kiswahili darasa la nne hapa Tanga. Darasa lina watoto 66, ubao mmoja, vitabu vya kugawana watatu watatu. Tumefika kwenye mashairi. Ukiwauliza "ubeti ni nini?" wanajibu kwa sauti moja, neno kwa neno, kama nilivyowaandikia. Ukiwapa shairi wasiloliona kabla ukawaambia wakuoneshe ubeti wa pili, au wahesabu mizani (silabi) ya mshororo (mstari) wa tatu, nusu wanaangalia dari. Kwa hiyo maana wamekariri, kitu chenyewe hawakioni.

Shida kubwa iko kwenye mizani. Huu hapa ni ubeti uliotungwa darasani kwa pamoja:

Asubuhi ufukweni, ngalawa zimeingia,
Samaki wa baharini, watu wanakimbilia,
Na mama yumo kundini, kikapu kashikilia,
Samaki mtamu jikoni, nazi ukimtilia.

Mishororo mitatu ya mwanzo wanapata 16 bila ubishi. Wa nne wanahesabu 15, wanashangaa, wanarudia, bado 15. Mimi nikihesabu napata 17. Kuwaambia tu "mmekosea" hakujasaidia.

Naomba msaada kwa mambo matatu: (1) mizani ifundishweje iwakae, (2) istilahi zipi zinatosha kwa darasa la nne na zipi zisubiri, maana orodha niliyonayo ina maneno 23, (3) tashbihi (kufananisha kitu na kingine) na wenzake waingie lini.

---

Bi_Chumbageni

Mwalimu, watoto wako hawakosei ovyo. Wanakosea mahali pamoja tu, nao ni herufi m. Angalia mshororo wa nne: "mtamu" wameuhesabu 2 (mta-mu) badala ya 3 (m-ta-mu), na "ukimtilia" wameuhesabu 5 (u-kim-ti-li-a) badala ya 6 (u-ki-m-ti-li-a). Mizani mbili zimemezwa, ndiyo maana wao 15 wewe 17. Mishororo mitatu ya juu haina m ya namna hiyo hata moja, ndiyo maana waliipata.

Sasa, ukiwa unawapigisha makofi tu, watoto 66 kwa pamoja, kofi la m halisikiki; linafunikwa na kofi la silabi inayofuata. Na ile mbinu ya kuweka mkono chini ya kidevu kuhesabu kila taya linaposhuka, hapa iache kabisa. Silabi m hutamkwa midomo imefumbwa, taya halishuki, kwa hiyo kidevu kitawapa jibu lilelile la makosa kila siku. Fanya hivi:

Watoto wawili wawili, kila jozi na vizibo vya soda 16. Kwa darasa lako ni jozi 33, vizibo 528. Muuza duka yeyote mwenye kreti za soda atakukusanyia. Watandike daftari chini yake, la sivyo kelele za vizibo juu ya mbao zitakutoa darasani. Mmoja anasoma polepole, mwenzake anasukuma kizibo kimoja kwa kila silabi. Ikifika m, msomaji afumbe midomo, avume "mmm" kidogo, kizibo kisukumwe, ndipo aendelee. Hapo angalia kosa la pili linalozaliwa na mbinu yenyewe: mtoto akipunguza mwendo anaongeza irabu, anasema "mu-ta-mu". Hesabu inatoka sawa, lakini wiki inayofuata utaikuta "mutamu" kwenye imla. Kila akisema "mu", mrudishe kwenye mvumo.

Kanuni ya m wape kwa vipande viwili tu.

Kwanza: m ikifuatwa na konsonanti yoyote isiyo b, v au w, ni silabi yake. Mtoto 3, mkate 3, mpira 3, mpaka 3, amsha 3. Haina ubaguzi wa kuwasumbua. Ikifuatwa na w huungana nayo: mwezi 2, mwalimu 3.

Pili: ikifuatwa na b au v, waiweke kwenye wingi. Ikibadilika, inahesabiwa. Isipobadilika, imeungana na mwenzake. Mvuvi, wavuvi: imebadilika, kwa hiyo m-vu-vi, 3. Mvua, mvua: haikubadilika, mvu-a, 2. Mbunge, wabunge: 3. Mbuzi, mbuzi: 2. Hata "mbuni" inajibiwa hivyohivyo. Yule ndege ni mbuni wengi, mizani 2. Mti wa kahawa ni mibuni, mizani 3. Watoto huipenda hii kwa sababu wingi wanaujua tayari, hawajifunzi kitu kipya.

Baki moja: maneno mafupi mno ambayo yakiondolewa m au n hubaki silabi moja. Mbwa, mbu, nchi, nne, nta, nge, nje. Hayo yote ni 2, hata kama wingi haubadiliki. Yaandike ukutani yakae hapo, usiyaeleze sana.

Irabu mbili nazo ni shimo: taa, paa, ndoo, bei. Watoto husukuma kizibo kimoja kwa "taa". Ni viwili.

Halafu maneno kama "labda" na "daftari" usiyaweke kwenye ubeti wa kufundishia. Hata washairi hawayahesabu kwa namna moja, kila mtu anavuta anakohitaji. Mtoto wa darasa la nne hana haja ya kuingizwa kwenye ugomvi huo.

---

Mdau_Raskazone

Naongezea kitu cha kufanya nje ya darasa, kinachoonesha mizani na vina (silabi za mwisho zinazofanana) kwa mara moja.

Ubeti wa tarbia (wa mishororo minne) wenye mizani 16 kila mshororo una silabi 64. Wewe una watoto 66. Umebarikiwa, kila mtoto awe silabi, na wawili wanaobaki wawe wakaguzi.

Vifaa: manila 4, kalamu ya wino mzito nyeusi na nyekundu, mkasi. Manila moja ni mshororo mmoja. Ikunje katikati, kata. Kila kipande kikunje katikati, kata. Rudia mpaka umefanya mara nne. Utapata kadi 16 za karibu sentimita 15 kwa 21. Usijaribu kuikunja mara nne yote ndipo ukate, manila inakuwa nene, mkasi unateleza na kadi zinatoka mshazari. Andika silabi moja kila kadi, herufi ndogo, ndefu kama kiganja. Silabi ya mwisho ya kila nusu ya mshororo iandike kwa nyekundu. Nyuma ya kadi andika namba ndogo ya mshororo, vinginevyo kadi zikichanganyika utakaa nazo mpaka kengele.

Uwanjani chora mistari minne kwa kijiti. Kila mmoja una visanduku 8, nafasi ya hatua moja, kisha visanduku 8 tena. Kisanduku cha sentimita 40 kinamtosha mtoto. Ukijumlisha utapata zaidi ya mita 7, ndiyo maana nasema nje, darasani hawaenei. Fanya kipindi cha kwanza au cha pili, kabla jua na upepo wa pwani havijaanza kucheza na kadi.

Sasa wape ubeti wao ulivyo, na kosa lake, kadi 65 (ile ya ziada ikate kwenye kipande kingine). Usiwaambie. Mkaguzi mmoja ageuke mtoto wa 65. Mshororo wa nne ukipangwa, upande wa kushoto kuna mtoto mmoja ana kadi na hana kisanduku. Hapo ndipo swali linakuja lenyewe: nani amezidi? Wanasoma tena kutoka mwanzo, sa-ma-ki-m-ta-mu-ji-ko-ni, na wanamkuta m amesimama peke yake na kadi yake. Baada ya hapo hawammezi tena.

Kisha waambie wenye nyekundu tu wainue kadi. Ukiwa mbele yao utaona safu ya katikati: ni, ni, ni, ni. Na safu ya mwisho: a, a, a, a. Vina vya kati na vina vya mwisho vimeonekana bila kutoa maana yoyote. Ile nafasi ya hatua moja ndiyo inayotenga vipande viwili vya mshororo. Waambie mshororo wa nne tu wapige hatua mbele waseme kwa pamoja, na kama unarudi ubeti ujao basi hicho ni kibwagizo.

Kinachoharibu zoezi hili ni kuchelewa kuwapanga. Kadi zigawe darasani kabla ya kutoka, mshororo mmoja kwa safu moja ya madawati, na watoke safu kwa safu.

---

Bi_Chumbageni

@Mdau_Raskazone safi sana. Ila wenye madarasa ya watoto 90 na kuendelea, wanaobaki wasikae kivulini. Wape daftari waandike namba ya silabi na waseme ipi ni kina. Mtoto aliyekaa bure ndiye anayewatania waliosimama.

---

Malenga_Mwambani

Nashukuru kwa mjadala. Kwenye istilahi nitasema wazi: maneno 23 kwa darasa la nne ni kuwaonea.

Yanayotosha ni saba. Shairi, ubeti, mshororo, kina, mizani, kibwagizo, kughani (kusoma shairi kwa mahadhi). Mtoto akiyashika hayo anaweza kulizungumzia shairi lolote la kimapokeo mezani pake. Kipande, vina vya kati na vina vya mwisho vitakuja vyenyewe kupitia zoezi la kadi, usivifanye somo. Darasa la tano waongezee tarbia, utenzi, bahari (aina ya shairi) na malenga (mshairi stadi). Tathlitha na takhmisa wakishaijua tarbia ni suala la kuhesabu mishororo, mitatu au mitano, dakika kumi zinatosha.

Ukwapi, utao, mwandamo, ukingo, yaani majina ya vipande vya mshororo: acha. Si kwamba hayana faida, lakini mtoto anayehangaika kukumbuka upi ni ukwapi hasikii tena shairi linasema nini. Arudhi, urari wa mizani, muwala, utoshelezi, hayo ni ya sekondari na hata huko yangeweza kupunguzwa.

Kuna hatari nyingine inayotokana na vitabu. Kimoja kinaandika mstari, kingine mshororo. Kimoja kibwagizo, kingine kiitikio, kingine mkarara, na kingine kinauita kituo mshororo wa mwisho hata ukiwa unarudiwa. Mtoto anadhani ni vitu vinne. Chagua neno moja, litumie mwaka mzima, na mwishoni mwa muhula ndipo uwaambie kwamba wengine huita hivi na hivi. Ushauri wangu: mshororo na kibwagizo. Ukikuta mshororo wa mwisho haurudiwi, uite kituo, na tofauti hiyo iwe wazi tangu mwanzo.

Halafu hapa kwetu kuna jambo la kuchekesha. Unamwambia mtoto wa pwani "kina" na "bahari" siku moja, akili yake inakwenda majini moja kwa moja. Ukiongeza "mizani" anawaza mwanamke wa sokoni anapima nyanya, na "kituo" ni daladala. Hata daftari nyingine zimechorwa mawimbi. Usiyafundishe maneno hayo wiki moja. Kina wiki ya kwanza, mizani ya pili, kituo baadaye, bahari mwaka ujao. Na usianze na maana, anza na kuonesha kwa kidole: "hiki hapa, na hiki hapa, vinafanana wapi?" Jina lije wakishakiona.

Daftarini wawe na safu tatu: neno, umoja na wingi wake, mfano kutoka shairi tulilosoma. Safu ya wingi si pambo. Watoto huandika "maubeti" na "makina" mpaka darasa la saba, na kumbe ni beti na vina. Safu ya maana sikuitaja makusudi.

Kuhusu ubeti wenyewe. Marekebisho mepesi ya mshororo wa nne ni "Samaki tamu jikoni". Mizani 8, wimbo haukatiki, na masikio ya watu wa pwani yanaikubali. Washairi wana ruhusa ya kufupisha.

---

Bi_Chumbageni

Mwalimu Malenga, kwa heshima yote, hapo sikubaliani nawe. Kufupisha neno (inksari) ni jambo moja, kuvunja upatanisho ni jingine. "Samaki tamu" haijafupisha neno lolote, imeondoa kiambishi cha ngeli. Mtoto huyuhuyu kipindi cha sarufi anafundishwa samaki mtamu, samaki watamu. Asubuhi tunamsahihisha, mchana tunamsifia kosa lilelile kwa jina la ushairi?

Badilisheni mpangilio:

Mtamu huyu jikoni, nazi ukimtilia.

M-ta-mu-hu-yu-ji-ko-ni, 8. Na m imebaki mwanzoni kabisa, kwa hiyo kibwagizo chenyewe kinawakumbusha somo kila kinaporudiwa. Wafundishwe kwamba mizani ikizidi kuna njia tatu za kujaribu kwa utaratibu huu: geuza mpangilio wa maneno, tafuta neno lingine lenye maana hiyo, na mwisho kabisa fupisha. Wengi huanza na ya mwisho kwa kuwa ni rahisi, ndiyo unaona beti zimejaa "kawa", "takwenda" na "sina'mi".

---

Malenga_Mwambani

Nimekuelewa, Bi. Kwa malenga aliyekomaa bado naitetea ruhusa hiyo, lakini kwa darasa la nne "mtamu huyu" ni bora. Na kibwagizo kimependeza zaidi.

---

MwalimuPongwe

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nitaanza na ile kanuni ya wingi.

Nina maswali mawili madogo. Nimewauliza kina cha mwisho cha ubeti ule, wengine wameandika "-a", wengine "-ia", wengine "-lia". Nimpe nani alama? Na nikitaka watunge ubeti wa pili, niwaachie vina vyovyote au niwape?

---

Mdau_Raskazone

Kina ni silabi ya mwisho ya kipande. Zimeingi-a, kashikili-a: silabi ya mwisho ni "a" peke yake, haina konsonanti. Jibu ni "-a". Aliyeandika "-ia" ana sikio zuri, maana i nayo inafanana kote, lakini ameandika silabi mbili. Aliyeandika "-lia" ameshindwa hata na ushahidi: mshororo wa kwanza unaishia "-ngia".

Kosa hatari zaidi ni kinyume chake: mtoto anayedhani irabu ikifanana imetosha. Anakuwekea "nyumba", "kaka" na "dada" kwenye safu moja kwa sababu zote zinaishia a. Katika ushairi wetu wa kimapokeo silabi nzima lazima ifanane, konsonanti na irabu. "Kaka" na "paka" ndiyo, "kaka" na "dada" hapana. Na nyingine inayowaponyoka walimu wenyewe: "nyumba" na "shamba" zina kina "-mba". Mtoto akiandika "-ba" amekosea, na akizifananisha na "baba" amekosea zaidi. Vivyo hivyo "-nda" si "-da", "-kwa" si "-wa".

Kwenye kutunga, wape vina. Anza na "-ni" katikati na "-a" mwishoni, kama ubeti wenu. Sababu ni ya kisarufi: karibu kila jina la kitu ukiliongezea -ni linakuwa mahali, sokoni, mezani, darasani, njiani, na vitenzi vyetu vingi vinaishia na a, hasa vikinyambuliwa, kimbilia, nunulia, pikia. Mtoto hana pa kukwama. Waandike kwanza benki ya maneno 10 kila upande ndipo watunge. Tahadhari mbili: majina ya miji hayachukui -ni, utakuta "Tangani" na "Muhezani", na neno lililokwisha kuongezewa -ni haliongezewi nyingine, "sokonini" likataliwe. Wakishazoea, hamia vina vinavyobana kidogo, "-ko" na "-ra". "-ni" ikitumika mwaka mzima kila shairi linasikika kama lilelile.

Kibwagizo kibaki kilekile, wao watunge mishororo mitatu ya juu. Hiyo ni silabi 48 kwa kundi la watoto sita, kazi ya kipindi kimoja. Ukidai ubeti mzima na kibwagizo chao wenyewe, haiishi.

---

Zubeda_MwlPangani

Shikamooni. Naomba nijibu swali la tatu la mwalimu, la tashbihi, naona limesahaulika.

Darasa la nne: tashbihi na tanakali sauti tu. Sitiari darasa la tano, tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu) baada ya hapo. Takriri unaweza kuipenyeza wakati wowote kwa kuwa inaonekana kwa macho, neno limerudiwa, basi.

Kwa nini sitiari isubiri: "Baba ni mwamba" kwa mtoto wa miaka tisa ni sentensi ya uongo. Anza na "Baba ni imara kama mwamba", wakae nayo miezi, kisha siku moja ondoa "imara kama" uwaulize kilichobaki kinamaanisha nini. Wakijibu "kilekile" wako tayari. Wakicheka, rudi nyuma.

Tatizo la tashbihi ni walimu kuifundisha kwa neno "kama" pekee. Mtoto anawinda "kama" na kuipigia mstari popote ilipo. Wape sentensi hizi tatu, watoe iliyo tashbihi:

Kama utakuja, niambie.
Walikuja watu kama kumi.
Uso wake unang'aa kama mwezi.

Ya kwanza ni sharti, ya pili ni makadirio, ya tatu pekee ndiyo tashbihi. Kipimo: je, kuna vitu viwili tofauti, na kuna sifa wanayoshirikiana? Uso na mwezi, sifa ni kung'aa. Akishindwa kuitaja sifa, hajaelewa. Halafu waoneshe kwamba "mithili ya" na "mfano wa" hufanya kazi hiyohiyo, wasije wakadhani bila "kama" hakuna kitu.

Tanakali sauti waichukue kwa masikio: jiwe limeingia majini chubwi, nazi imeanguka pu. Dakika tano. Wanazijua nyingi kukuzidi.

Na kwenye swali la kughani, ambalo naona limeguswa kwa jina tu. Watoto wa Tanga wengi wanatoka chuoni, yaani madrasa, na masikio yao yamezoea kasida. Nyumbani wanasikia taarabu. Mahadhi wanayo. Usiwafundishe kughani kwa kusoma kama habari ya gazeti. Lakini angalizo: mahadhi huvuta silabi, na mtoto akihesabu mizani huku anaghani atahesabu mvuto mmoja mara mbili. Hesabu zifanywe kwa kusoma, kughani kuje baadaye. Utaratibu ukigeuzwa, vizibo havitoshi.

---

Malenga_Mwambani

Bi Zubeda umemaliza. Niweke tu mfano wa utenzi, kwa atakayefika darasa la tano. Ubeti wake una mishororo minne kama tarbia, na hapo ndipo watoto wanapochanganya, wanaona nne wanasema tarbia. Tofauti waione kwenye ubao:

Mvua sasa inanyesha,
Paa letu lavujisha,
Na joto limeshakwisha,
Maji tele kisimani.

Vyura wengi wanaimba,
Twasikia kwenye nyumba,
Hata kule kwenye shamba,
Wamejaa matopeni.

Mshororo una kipande kimoja tu, mizani 8, kwa hiyo hakuna kina cha kati. Mishororo mitatu ina kina chake, na kinabadilika kila ubeti: "-sha", kisha "-mba". Wa nne unashika "-ni" toka mwanzo mpaka mwisho wa utenzi mzima. Wape ubeti wa tatu bila mshororo wa nne, uwaulize lazima uishie na silabi gani. Wakisema "-ni" bila kusita wameshaelewa utenzi, hata kama hawajaweza kuueleza. Angalia pia nimeweka "mvua" na "paa" makusudi.

Na kwa kuwa tuko Tanga, hili lisipite: Shaaban Robert alizaliwa hapa hapa Vibambani, Machui, mwaka 1909. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima (pwani yetu hii), naye ni wa Tanga. Neno "malenga" likifundishwa kwa majina ya watu wa karibu linashika kuliko likifundishwa kwa maana.

---

MwalimuPongwe

Nimenakili yote. La mwisho kabisa: jaribio nilitungeje? Nikiuliza "eleza maana ya" watarudi kukariri.

---

Bi_Chumbageni

Usiulize maana hata mara moja. Wape beti mbili wasizowahi kuziona, ziandike ubaoni, na maswali matano, dakika 30, alama 20:

1. Nakili kibwagizo. (2)
2. Nakili mshororo wa pili wa ubeti wa kwanza, uukate kwa silabi kwa mistari mifupi, uandike jumla ya mizani. (6: moja ya kunakili, nne za kukata, moja ya jumla)
3. Andika kina cha kati na kina cha mwisho cha ubeti wa pili. (4)
4. Mshororo huu umezidi mizani moja. Urekebishe. (4)
5. Shairi hili linatuambia nini? Sentensi mbili. (4)

Swali la 2 lazima liwe na m moja ya kuhesabiwa na mb moja isiyohesabiwa, la sivyo hujapima kitu. Alama za kukata zitolewe hata kama jumla imekosewa, maana wapo wanaokata sawasawa kisha wanahesabu vibaya. Huyo shida yake iko kwenye hisabati. Swali la 4 kubali jibu lolote linalofikisha mizani na lisilovunja sarufi. Kabla ya kusahihisha andika mwenyewe majibu matatu yanayowezekana. Na la 5 usiliache kwa kukosa muda. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi umekuwa ukiweka shairi na kuuliza linahusu nini pamoja na mizani na vina, na wapo watoto wanaohesabu kila silabi bila kujua samaki ameuzwa au amepikwa.